Barnaba Kimeli: Aliyegawia Watu Mashamba Akabaki na Gambuti

Imeandikwa na Nelima wa mapokezi, ofisi ya Kitale

Ijumaa tarehe 28 Novemba 1997, baada ya chai ya saa kumi, Bwana Barnaba Kimeli atakabidhi funguo za stoo na kumaliza miaka ishirini na tisa ya kazi katika Muungano wetu wa Vyama vya Ushirika vya Mashamba. Aliingia mwaka 1968 akiwa kijana mwembamba wa kumwagilia miche. Anatoka akiwa Afisa wa Ardhi na Maji, mwembamba vilevile, maana mtu anayetembea namna ile hanenepi hata umlishe nini.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii, kazi ya Muungano ni kuwasaidia watu walionunua pamoja yale mashamba makubwa ya zamani wayagawane bila kugombana na bila kuua udongo. Hapa Kitale tunashughulika zaidi na kugawa. Wenzetu wa ofisi ya Bungoma wanashughulika zaidi na chemchemi na miteremko, kwa sababu huko watu waligawana zamani na sasa wanajuta. Bwana Kimeli amefanya kazi pande zote mbili, na pande zote mbili zinadai kuwa ni mtu wao.

Jambo moja liwe wazi mapema, kwa sababu wengi wamekuwa wakiniuliza pale mapokezini. Mtu akistaafu, anatoka nyumba ya Muungano. Ndivyo sheria ilivyo na haina mjomba. Bwana Kimeli na mkewe, Mama Jepkemboi, wameishi katika ile nyumba ya mabati nyuma ya kitalu kwa miaka mingi, wakalea watoto wanne hapo, wakapanda sukuma wiki mpaka ukutani. Hadi mwaka jana hakuna aliyejua wangehamia wapi, hata wao wenyewe. Mtu amewagawia wenzake mashamba tangu nywele zikiwa nyeusi, na yeye hana pa kuchomeka mwiko. Hiyo ndiyo habari kubwa ya wasifu huu, na nitaifikia. Mnivumilie kidogo, niko na mtoto mgongoni na mashine ya chapa mbele.

Bwana Kimeli alizaliwa upande wa Endebess, katika shamba la mzungu mmoja ambaye babake Kimeli alimchungia ng'ombe. Mzungu aliondoka, shamba likauzwa, na mzee akaambiwa atoke na ng'ombe wake kabla mahindi hayajapandwa. Bwana Kimeli huisimulia hadithi hiyo huku akicheka, hasa pale ambapo fahali wao alikataa kutoka akawafukuza wenye shamba wapya hadi barabarani. Lakini ukimsikiliza vizuri unajua alipojifunzia kazi. Alijua mapema kwamba mtu anaweza kuzaliwa mahali, akamzika babu yake hapo, na bado akaambiwa ni mgeni.

Mwaka 1981 alihamishiwa Bungoma, na huko ndiko alikopata jina la Mtu wa Kamba.

Jina hilo lilikuja hivi. Kabla mpima ardhi wa serikali hajafika na vyuma vyake, afisa wetu hutangulia kutembea mipaka na wenye shamba ili kusiwe na kelele baadaye. Wengine walikuwa wakitembea na baba wa boma peke yake, wanamaliza, wanakunywa chai, wanarudi mjini. Bwana Kimeli alikuja na kamba ya katani na sharti moja: mume anashika ncha hii, mke anashika ile. Mke hayupo? Kamba inarudi mfukoni, tutaonana wiki ijayo. Alikuwa ameona ya kutosha. Mwanaume anauza kipande Jumamosi akiwa amechangamka, na mama wa watu anajua Jumatatu akimkuta mgeni anapanda maharagwe mlangoni kwake. Aliyeshika kamba anajua shamba linaanzia wapi na linaishia wapi. Si rahisi kumwambia asubuhi kwamba mpaka umehama ukiwa usingizini.

Wanaume walinung'unika sana. Walimwambia, "Kimeli, wewe unatuletea mambo ya Ulaya." Akajibu, "Ulaya sijafika bana, mimi nimefika Webuye tu." Kisha akaendelea kukunjua kamba.

Siku ambayo ofisi ya Bungoma haitaisahau ni ile ya Mzee Wepukhulu, mwenye wake watatu. Mzee alisimama katikati ya shamba na kuuliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa afisa, kamba ina ncha mbili, na mimi nina wake watatu. Mimi mwenyewe nitashika wapi?" Bwana Kimeli akamwambia, "Wewe mzee keti hapo kivulini. Wenye kulima ndio watashika." Mke mkubwa akachukua ncha moja, wa pili akachukua nyingine, na Mama Mdogo, kwa kukosa ncha, akashika katikati na kuvuta kwa nguvu zake zote. Mpaka ukatoka na kona kama kiwiko. Mpima ardhi alipokuja alikuna kichwa, akaufuata ule mkunjo hivyo hivyo kwa sababu wake wote watatu walisema huo ndio mpaka na hawaujui mwingine. Mpaka leo unaitwa Kiwiko cha Mama Mdogo, na hajawahi kutokea mtu wa kuugombania.

Sasa, msidhani tunamwandika malaika. Bwana Kimeli amekosea, tena kwa bidii.

Miaka ile ushauri uliotolewa kila mahali ulikuwa kupanda mikaratusi, ile tunayoita bulugamu, kwenye sehemu zote zenye majimaji. Inakua haraka, inatoa nguzo, inafukuza mbu. Mwaka 1982 Bwana Kimeli aliongoza upandaji kuzunguka chemchemi moja iliyo njia ya kwenda Chwele, na miti ikapendeza hata ikawekwa kwenye kalenda ya Muungano. Baada ya miaka michache chemchemi ikawa jasho tu. Akina mama wakaanza kuteremka mtoni na mitungi, na kupanda nayo mlima, na wengine walikuwa na tumbo la miezi minane.

Mama Khalayi, aliyekuwa akikaa jirani na hiyo chemchemi, hakuandika barua ya malalamiko. Alikuja ofisini Bungoma kwa miguu, akapita mapokezi bila kusimama, akaweka mtungi mtupu juu ya meza ya Bwana Kimeli, juu ya faili zake. Akamwambia, "Kimeli mwanangu, umetupandia walevi. Miti yako inakunywa kuliko wazee wa busaa, na wazee wa busaa angalau jioni huenda nyumbani."

Karani wa siku hizo anasema Bwana Kimeli aliinuka hapo hapo. Alichukua mtungi, akampisha mama mlangoni, wakaenda pamoja kuona. Wiki iliyofuata alisimama kwenye baraza ya chifu na kusema mbele ya watu kwamba alikosea na kwamba miti ikatwe.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kukata ni rahisi, shida ni nani mwenyewe. Kule, aliyepanda mti ndiye mwenye udongo ulio chini yake. Chemchemi ilikuwa ya watu wote tangu zamani, lakini wanaume watano waliokuwa wamepanda bulugamu walikuwa tayari wameweka seng'enge, kila mmoja kwenye mstari wake. Maji yalikuwa yamekwisha na kilichobaki kilikuwa kimepata wenyewe. Na wanawake, wanaochota maji kila siku ya Mungu, hawakuweza kupanda mti wowote hapo wa kuonyesha kwamba ni pao, kwa sababu ni mwiko. Wazee husema mwanamke akipanda mti ni kama anamtangazia mumewe kifo.

Mtu mwingine angeanza kuhutubia kuhusu ujinga wa mila. Bwana Kimeli aliuliza swali: "Kuna mwanaume hapa ambaye hana mama?" Akawatazama mmoja mmoja. "Haya. Mwanamke hatapanda, mwiko ubaki salama. Kila mwanaume atang'oa bulugamu, atapanda mkuyu mmoja wa mama yake, na akimaliza asimame alitaje jina la mama yake mbele yetu."

Nani angekataa? Wa kwanza kupanda alikuwa mzee ambaye mama yake alifariki vita vya pili vya dunia vikiendelea. Alilitaja jina, na hakuna aliyecheka. Baada yake walipanga foleni. Katika wale watano wa seng'enge, mmoja aligoma, akasema shamba ni shamba na mama ni mama. Ilikuwa sawa tu mpaka mama yake mwenyewe alipojikongoja kutoka nyumbani na fimbo, akafika pale na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Mti wangu uko wapi?" Seng'enge ilitoka siku hiyo hiyo.

Makubaliano yalikuwa kwamba chemchemi si ya mwanaume yeyote wala haigawanywi tena. Ni ya akina mama wanaoichota, wao ndio wanaoichunga na kuamua nani afue wapi na ng'ombe wapite wapi. Bwana Kimeli alisema anayetaka kuuza kipande chake aanze kwa kumweleza mama yake bei. Hajatokea. Maji yalirudi taratibu. Hayakurudi kama ya zamani, tusidanganyane, lakini mtungi unajaa kabla mazungumzo hayajaisha, na Mama Khalayi anasema hiyo inatosha.

Kutoka hapo Bwana Kimeli akawa na neno moja ambalo amelisema kwenye kila mkutano mpaka makarani tunaliandika kabla hajafungua mdomo: kipande ni chako, lakini mteremko ni wetu. Ukilima hadi ukingoni, udongo wako unahamia kwa jirani na mafuriko ya jirani yanahamia kwa mtu mwingine, na hati zenu zote zinabaki kavu kabatini. Watu walimwona kama mtu anayetaka kuwanyang'anya. Yeye alisema hapana, lima, jenga, rithisha watoto. Lakini kuna vitu havikatiki vipande, na maji ni mojawapo. Ukiyakata hayatoki damu, yanakauka tu.

Mwaka 1990 alirudi Kitale, na sisi wa siku hizi ndipo tulipomfahamu. Tunamfahamu kwa gambuti zake, zile buti za mpira, zilizowekwa kiraka cha tairi la baiskeli. Tunamfahamu kwa ripoti zake fupi, moja ilikuwa na sentensi tatu, na ya tatu ilisema, "Mengine mwende mkaone." Tunamfahamu kwa kuwa alipoona akina mama wa ofisi wakinyonyeshea kwenye ngazi ya nyuma, alihamisha mifuko ya mbegu kutoka chumba kidogo karibu na stoo, akafagia mwenyewe, akaweka benchi, na alipoulizwa nani amempa ruhusa akasema mbegu zilikuwa zinakaa vizuri kuliko watoto. Ripoti yake ya mwaka 1995 kuhusu mmomonyoko ina doa la uji ukurasa wa mbele. Mtoto aliyelitia doa hilo alikuwa amelala begani mwake akisomewa takwimu. Mama wa mtoto simtaji.

Na tunamfahamu kwa mwaka ule mbaya wa 1992, watu walipofukuzwa makwao wakalala kwenye viwanja vya makanisa kwa sababu ya lugha za mama zao. Alikuwa anapeleka maji kwa Landrova ya ofisi pande zote, asubuhi na jioni, na hakutaka kuulizwa ni ya nani. Hapendi tuandike zaidi ya hapo, kwa hiyo siandiki.

Sasa nifike Endebess.

Chama cha Tuungane kilinunua shamba lao zamani kwa hisa, watu wa mlimani na watu waliotoka Mkoa wa Kati, wote pamoja. Bwana Kimeli naye alikatwa hisa kwenye mshahara kwa miaka mingi, akasema hiyo ndiyo pensheni yake ya kuvua gambuti na kuvaa viatu. Kipande chake huko ndicho kilichokuwa kiwe nyumbani kwake akistaafu. Lakini shamba lilipogawanywa, vipande havikutosha. Familia chache zilibaki bila, na yake ilikuwa mojawapo. Mwaka jana mwenyekiti wa Tuungane, Mzee Ngari, akaleta wazo lililoonekana jema: bado kuna ule ubwawa chini, kinamasi chenye chemchemi na matete, haulimwi na mtu. Uchimbiwe mitaro, ukaushwe, hizo familia zigawiwe, kila mtu aende nyumbani na hati.

Mkutano ulikuwa kanisani. Watu walikuwa wengi hadi nje ya madirisha. Bwana Kimeli alisimama na kusema kwamba ubwawa ule unanywesha ng'ombe wa matuta mawili, na ukikaushwa kisima cha shule kitafuata, na mto utakuwa wa mawe kabla ya Krismasi. Akasema hawezi kuwaambia watu wa Bungoma jambo moja na yeye afanye lingine. "Kipande changu kimo humo. Nimekitoa. Futeni jina langu." Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mtu angedhani mkutano umekwisha.

Hapo Mama Jepkemboi akainua mkono kutoka benchi la akina mama.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Huyo mwanaume ndiye Mtu wa Kamba?"

"Ndiye, mama."

"Yule anayekataa kupima shamba kama mke hayupo?"

"Huyo huyo."

"Basi ametoa shamba langu sasa hivi, na mimi nimekaa hapa nafuma sweta. Sijaulizwa hata kwa kukonyezwa."

Waliokuwepo wanasema paa la kanisa nusura liondoke kwa kicheko. Bwana Kimeli hakucheka. Aliketi polepole kama mtu aliyesikia kiti kinavunjika. Alijaribu kusema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Mama Chelagat, nisamehe," naye akamkata hapo hapo: "Samahani sitaki, nataka pa kulala. Umewagawia watu vilima, si sisi tutalala kwenye ramani?"

Mzee Ngari, kwa busara au kwa kuogopa, aliahirisha mkutano. Hatujui yaliyosemwa ndani ya ile nyumba nyuma ya kitalu siku zilizofuata, ila Bwana Kimeli mwenyewe alitangaza hapa ofisini kwamba chai ya kwake ilikuwa imepoteza sukari na mboga ilikuwa imesafiri. Alikubali kosa. Alisema amewafundisha wanaume elfu kitu ambacho yeye hakukifanya hata mara moja nyumbani kwake, kwa sababu alidhani jambo jema halihitaji kuulizwa. Nafikiri wako wengi wanaodhani hivyo, na wengine wanasoma karatasi hii.

Mama Jepkemboi hakukaa akinuna. Aliazima zile gambuti za viraka, akateremka ubwawani na akina mama wa pande zote mbili, wa mlimani na wa Kati, wakauzunguka wote. Mkutano uliporudi, hakungoja kuitwa.

"Nimeingia kwa hayo matope," alisema. "Nimezama hadi magoti. Hapo hapajengwi, hata chura anatembea ameshika ukuta. Paachwe kama palivyo. Kwa hilo mume wangu alisema kweli, ubaya alisema peke yake. Lakini niwaulize watu wa Tuungane: mbona tunagombania matope na pale juu kwa josho la zamani kuna uwanja mkavu? Ama tumewapa ng'ombe wa mwenyekiti hati?"

Kila mtu alilijua lile josho la ng'ombe. Tangu mzungu aondoke halikuwahi kujazwa dawa, na uwanja wake mkubwa ulikuwa mali ya chama chote. Mzee Ngari aliwaingiza ng'ombe wake hapo kwa muda mfupi, mwaka 1984. Muda mfupi ulinenepa pamoja na ng'ombe. Hakuna aliyethubutu kusema, na kwa kutosema watu wazima walikuwa karibu kukausha maji ya watoto wao.

Mzee Ngari tumpe haki yake. Alivua kofia, akajikuna, kisha akaanza kucheka mwenyewe. "Mama, hao ng'ombe watahama," alisema. "Hata wao wamechoka kutazamwa."

Basi ikakubaliwa hivi. Familia zilizobaki zipewe uwanja wa josho, zijenge, zilime, watoto warithi. Mume na mke waandikwe wote wawili. Lakini hakuna kuuza. Ukiondoka, mahali panarudi kwa chama apewe mwingine asiye na pa kukaa. Na kwa kupewa hapo, wewe ndiye mlinzi wa ubwawa: hakuna jembe, hakuna ng'ombe ndani, majani yanakatwa kwa zamu. Ubwawa wenyewe hauna hati ya mtu, ni wa wote wanaokunywa.

Si wote waliofurahi. Kijana mmoja, Kiptanui, aliuliza swali ambalo si la kuchekwa: nyumba isiyouzika ni mali gani, na benki itamkopesha kwa nini? Mama Jepkemboi alimjibu, "Ni nyumba. Umeona hati ikizuia mvua?" Watu walicheka, lakini Kiptanui hakuridhika, na familia mbili zilikataa na bado zinangoja kipande cha kuuzika. Tusiwasahau kwa sababu sisi mambo yametuendea vizuri. Wana haki ya kujibiwa.

Barua za kukaa zilitoka Agosti. Ilipofika ya familia ya Kimeli, akina mama wa Tuungane walisema jina liandikwe moja tu, la Jepkemboi, kwa kuwa mwenzake alijifuta mbele ya kanisa zima na hakuna aliyemsikia akijirudisha. Karani akamwuliza Bwana Kimeli kama ana pingamizi. Akasema, "Mimi nilishatoa yangu." Mama Jepkemboi naye akaulizwa kama anakubali mumewe akae hapo. Alifikiri, tena si kwa haraka. Akasema anakubali, mradi zamu ya kukata majani isimpite akisingizia mkutano.

Nyumba imekwisha kuezekwa. Ina vyumba viwili na jiko la nje, na upepo wa mlimani unaingia bila kubisha.

Kwa hiyo wote mnaoniuliza mapokezini Bwana Kimeli anahamia wapi, jibu ndilo hili: anahamia kwa mkewe.

Kabla ya shukrani nina neno kwa kamati ya Muungano, na nalisema kwa heshima. Makubaliano ya josho bado hayajapitishwa na mkutano wetu mkuu. Yakibaki hivyo, siku moja atakuja mwenyekiti mwingine mwenye ng'ombe wengi na muda mfupi. Mkutano ni Desemba. Yapitisheni, na msisingizie sikukuu. Keki tutakata Ijumaa, lakini zawadi yenyewe iko mikononi mwenu.

Bwana Kimeli, asante. Asante kwa mipaka uliyotembea mpaka ikanyooka, na ile iliyokataa kunyooka ukaiacha. Asante kwa kusema ulikosea ulipokosea, tena ukiwa umesimama, si kwa barua. Asante kwa kile chumba karibu na stoo. Watoto watatu wamelala humo leo, na wa nne yuko hapa anataka kula hii karatasi.

Mama Jepkemboi, tunakukabidhi mtu wetu. Amechakaa kidogo lakini anafanya kazi. Asipoamka zamu ikifika, mvutie blanketi.

Bwana Kimeli, tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na chai yenye sukari. Ishi siku nyingi huko Endebess, na mwenye nyumba asikuchoke.